Fungua Tochi Kabla Hujailipia

Leo nataka tuzungumzie tochi, hasa hizi ndogo za LED zinazopangwa juu ya gunia pale Juja, kando ya stendi ya Ruiru na kwenye vibanda vya Thika mjini. Za shilingi mia mbili, mia tatu, mia tano ukitaka yenye mwili wa chuma. Ni kitu kidogo mkononi, lakini huku Kalimoni kuna watu ambao kazi yao yote ya usiku inakitegemea, na kwa maoni yangu wameuziwa vitu vibovu kwa muda mrefu mno.

Hebu wahesabu. Kuna anayekamua ng'ombe saa kumi alfajiri ili maziwa yawahi gari. Kuna mlinzi wa shamba la kahawa. Kuna mlinzi wa saiti, anayelala macho akichunga simiti na mabati kwenye hizi ploti zinazojengwa kila upande tangu barabara kuu ya Thika ipanuliwe. Kuna bodaboda aliyepata pancha katikati ya misheni ya Kalimoni na Juja, mahali pasipo hata taa ya duka. Kuna vijana wa machimbo ya mawe kule Ndarugu wanaotoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Kuna mama anayempeleka mtoto choo cha nje saa nane ya usiku.

Utaniambia stima ipo. Ni kweli ipo, tena eneo hili halikuanza jana kujuana nayo: mwanzoni mwa karne iliyopita maporomoko ya mto Ruiru ndiyo yaliyotumika kuipatia Nairobi umeme wake wa kwanza wa nguvu za maji. Lakini stima hupotea. Tarehe 25 Agosti 2023, usiku wa Ijumaa, ilipotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukawa gizani. Na hata isipopotea, nguzo ya stima haimfuati mtu bandani wala shambani.

Utaniambia pia, basi nitumie simu. Sisi Wakenya ndio tulioziita zile simu ndogo zenye taa kichwani mulika mwizi. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, iliuzwa dunia nzima kwa mamilioni, na kwa watu wengi vijijini ile taa ilikuwa nusu ya sababu ya kuinunua. Sawa. Lakini simu ikishakuwa tochi ya usiku mzima, asubuhi imezima, na ndani yake ndimo ilimo M-Pesa, ndimo ilimo namba ya daktari wa mifugo, ndimo ilimo namba ya jirani wa kupigiwa mlinzi akivamiwa. Mtu anayefanya kazi usiku anahitaji tochi iliyo tochi.

Sasa, tochi hununuliwaje? Muuzaji anaibonyeza, anakumulikia kiganjani, pengine machoni. Unapepesa macho, unasema hii ni kali, unalipa. Jaribio hilo halikuonyeshi lolote la maana. Ule mwanga wa dakika ya kwanza ni kazi ya betri mpya. Swali la mlinzi ni jingine kabisa: saa tisa usiku, baada ya kuiwasha na kuizima tangu jioni, itamwonyesha mtu aliyesimama kwenye ua?

Swali hili limeshapimwa hapa nchini, na kwa vyombo. Mwaka 2009 watafiti wa Mradi wa Lumina, miongoni mwao Jennifer Tracy na Arne Jacobson wa Chuo Kikuu cha Humboldt State huko California, pamoja na Evan Mills wa maabara ya Lawrence Berkeley, walichukua tochi za LED za kuchaji zilizonunuliwa katika soko la Kenya. Chapa tatu zilizokuwa zikipatikana kwa wingi, kila chapa tochi tano. Wakapima uwezo wa betri, muda wa kuchaji, mwanga unaofika umbali wa mita moja, na saa ambazo tochi inawaka. Hakuna hata chapa moja iliyofikia yaliyoandikwa kwenye kasha lake. Betri zilikuwa na uwezo wa chini kwa asilimia 30 hadi 50 kuliko ulioandikwa.

Lakini mimi tarakimu iliyoniuma zaidi ni nyingine. Tochi za chapa ileile, zenye kasha lile lile, zilitofautiana kwa muda wa kuwaka hadi asilimia 38. Maana yake ni nini kwetu? Ni kwamba jirani yako anaweza kukusifia tochi yake kwa ukweli mtupu, ukaenda ukanunua ya jina hilo hilo, nayo yako ikakuacha gizani. Ule utaratibu wetu wa kuulizana, unatumia gani, imekaa muda gani, hauna nguvu hapo. Watafiti hao hao wakaonya kwamba bidhaa duni zinaweza kuwafanya watu waichukie teknolojia nzima na kurudi kwenye koroboi.

Nami nasema LED haina kosa. Shuji Nakamura alipofaulu kutengeneza LED ya buluu yenye nguvu katika kampuni ya Nichia kule Japani, mwaka 1993, ndipo LED nyeupe ilipowezekana, na mwaka 2014 yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano wakapewa tuzo ya Nobeli ya fizikia kwa kazi ya namna hiyo. Balbu ya zamani ya tochi iligeuza sehemu kubwa ya betri kuwa joto. LED inatoa mwanga mwingi zaidi kwa umeme ule ule, na ikilishwa sawasawa inadumu miaka. Tatizo ni kwamba kwenye hizi tochi zetu hailishwi sawasawa. Ili ulione tatizo lazima uifungue tochi.

Chukua ile ya mviringo ya alumini yenye LED tisa, ile ya kutumia betri tatu nyembamba za AAA. Zungusha kichwa, toa kioo. Utaona bamba dogo la duara, LED tisa zimepandwa juu yake kama mahindi kwenye gunzi. Geuza bamba. Upande wa nyuma kuna nukta za lehemu, springi ndogo katikati, basi. Hakuna kingine. Betri tatu ni volti 4.5. LED nyeupe inataka kama volti 3.2. Hiyo volti moja na kitu inayozidi haina pa kwenda, kwa sababu kiwanda kimeokoa shilingi kwa kuacha kuweka rezista.

Na kwa nini haziungui siku ya kwanza? Kwa sababu ya mawe, yaani betri, ya bei rahisi. Mawe ya kaboni na zinki yana ukinzani mkubwa ndani yake yenyewe, hayawezi kusukuma umeme mwingi, kwa hiyo betri duni ndiyo inayoikinga tochi duni. Sasa mtu anayejali kazi yake anasema, nitajinyima ninunue betri za alkalaini, ziwe za nguvu. Anazitia. Tochi inawaka ajabu, anafurahi. Baada ya muda LED moja inazima, kisha ya pili, zilizobaki zinakuwa na mwanga wa kibuluubuluu usioonyesha rangi ya kitu. Aliyetumia pesa zaidi ndiye aliyeharibikiwa haraka. Hilo ni dhuluma.

Niwaeleze kidogo kwa nini zinakufa moja moja, maana mafundi wengi huniuliza. LED tisa zimeungwa sambamba, zote zinakunywa kutoka waya mmoja. Hazilingani hata siku moja; iko moja inayofunguka kwa volti ndogo kidogo kuliko wenzake. Hiyo inavuta umeme mwingi zaidi, inapata joto, na LED ikipata joto inafunguka kwa volti ndogo zaidi, kwa hiyo inavuta zaidi tena. Mwisho inaungua. Mzigo wake unawaangukia nane waliobaki, na anayefuata kwa udhaifu ndiye anayefuata kwa kufa.

Dawa yake ni rezista moja. Mjini Nairobi, barabara ya Luthuli, zinauzwa kwa bei ambayo hata haistahili kupatanwa, na fundi yeyote wa redio pale Juja, karibu na chuo kikuu cha JKUAT, anazo kwenye kopo. Ukitaka mwanga kamili, omu 6.8, ya nusu wati. Mimi napendelea omu 15, mistari yake ni kahawia, kijani, nyeusi. Unaitoa ile springi ya katikati kwa chuma cha kulehemu, unaunganisha rezista kati ya bamba na springi, unaifunika kwa kipande cha plastiki ili isiguse mwili wa tochi, unafunga. Kazi ya dakika chache kwa mtu mwenye mkono uliotulia.

Kwa nini omu 15? Kwa sababu inapunguza umeme unaoliwa karibu kwa nusu, kutoka kama miliampi 180 hadi kama 100, na betri inadumu karibu mara mbili. Mwanga nao unapungua, ndiyo, lakini jicho la mwanadamu haliupimi mwanga kwa rula. Mwanga ukipungua kwa nusu, jicho gizani linaona kupungua kidogo tu. Ziweke mbili kando kwa kando ukutani utaona tofauti. Tembea na moja peke yake kwenye njia ya shamba na hutaijali. Ila saa kumi alfajiri, yenye rezista inawaka na isiyo nayo imefifia kabisa. Kwa anayekamua, kwa anayelinda, hilo ndilo la kuangalia.

Kuna tochi ya aina ya pili, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana ni suala la uhai. Ni ile ya plastiki ya kuchaji, yenye meno ya plagi yanayochomoza kitakoni, unaichomeka ukutani moja kwa moja. Ndani yake kuna betri ya risasi na asidi, volti 4, imefungwa kwenye boksi jeusi au jeupe. Hakuna transfoma. Umeme wa ukutani, volti 240, unapunguzwa na kapasita moja na diodi kadhaa tu. Kwa hiyo ikiwa imechomekwa, kila waya uliomo ndani unaweza kukupiga shoti kama waya wa nyumbani. Usiifungue ikiwa ukutani. Usiiguse kwa mkono uliolowa maji ya kuoshea kiwele. Iliyopasuka ganda, usiichomeke kabisa. Hata ukishaichomoa, kapasita inaweza kubaki na chaji kwa muda. Isubiri kabla hujaingiza kidole.

Betri ile inauawa kwa njia mbili, na zote mbili ni mazoea yetu. Ya kwanza ni kuiacha ukutani usiku na mchana. Saketi yake haijui betri imejaa, haina wa kuikataza, inaendelea kusukuma mpaka maji ya ndani yanakauka na boksi linavimba. Ya pili ni kuiacha imekwisha chaji, imetupwa juu ya kabati kwa wiki kadhaa. Betri ya risasi ikikaa tupu, bamba zake zinafunikwa na salfeti ngumu, na hapo haipokei tena chaji. Ukiwa nayo bado nzima, ichaji mara tu baada ya kuitumia, kwa saa zilizoandikwa, kisha uichomoe. Weka kengele kwenye simu kama unasahau.

Ikishakufa, watu wengi huitupa tochi nzima. Lakini LED zake bado ni nzima, swichi ni nzima, kioo ni kizima. Hii ndiyo tochi ninayoipenda kuibadilisha. Unatoa betri ya risasi, unakata na kuondoa kabisa ile saketi ya ukutani pamoja na meno ya plagi. Nasema kabisa, kwa sababu betri ya lithiamu ikichajiwa na saketi ile inaweza kuwaka moto ndani ya nyumba. Mahali pake unaweka seli moja ya lithiamu ya aina ya 18650, unene milimita 18, urefu milimita 65, na kibamba kidogo cha kuchajia kinachoitwa TP4056, kile chenye ulinzi, kinachochajiwa kwa waya wa simu. Seli unaiunga kwenye alama za B, taa unaziunga kwenye alama za OUT, na usizichanganye, maana ukiunga taa moja kwa moja kwenye seli umeukwepa ulinzi. Kibamba kinakata chaji ikifika volti 4.2, na kinaizima taa kabla seli haijanyonywa hadi ikaharibika. Volti za lithiamu zinakaribiana na za ile betri ya zamani, kwa hiyo LED hazishtuki. Na sasa hakuna tena volti 240 mkononi mwa mtoto. Tochi inachajiwa kwa chaja ya simu, au kwa sola ndogo ya paa.

Seli zenyewe zina wezi wake. Utaziona zimeandikwa 6800, zimeandikwa 9900. Ni uongo mtupu. Seli nzuri ya 18650 kutoka kiwanda kinachojulikana inafika kama miliampi-saa 3500. Kabla hujanunua, ipime uzito kwenye mizani ya sonara: ya kweli ni kama gramu 45, ikiwa ni gramu 25 au 30, ndani kuna kiseli kidogo na nafasi tupu. Seli zilizotolewa kwenye betri za laptopu kuukuu mara nyingi ni bora kuliko hizo mpya za uongo, ila zipimwe kwa mita. Iliyoshuka chini ya volti 2, iliyopata kutu, au inayopata moto wakati wa kuchaji, iache.

Na ile ya kununua mpya, utaipimaje bila maabara? Mwambie muuzaji akuruhusu kuifungua. Akikataa, nenda kibanda kingine, vipo vingi. Angalia kama nyuma ya bamba pana rezista. Angalia kama springi imelehemiwa au imebanwa tu. Itikise ikiwa imewashwa. Ikipepesa, swichi yake ni mbovu. Ukifika nyumbani, ingia chumba chenye giza, iweke mita moja kutoka ukutani, na utumie simu yenye programu ya kupima mwanga kwa luksi. Andika namba. Rudi baada ya saa moja, saa mbili, saa tatu, andika tena. Muda ambao namba imeshuka hadi nusu ndio umri wa tochi yako kwa usiku mmoja. Huna simu ya namna hiyo? Chukua gazeti, lisome kwa mwanga unaorudi kutoka ukutani. Saa utakayoshindwa kusoma habari ndogondogo, iandike. Watafiti wa mwaka 2009 walikuwa na vyombo bora, lakini walichokipima ni hicho hicho.

Nina jambo na waajiri. Benki ya Dunia na shirika lake la IFC zilianzisha mpango wa Lighting Africa mwaka 2007, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikapata maabara ya kupima taa. Taa za sola zikawekewa viwango: ukweli wa kilichoandikwa, kuangushwa, kudumisha mwanga kwa saa 2000. Zikaboreka. Lakini tochi ya gunia iliachwa nyuma, na anayeinunua ni mlinzi mwenyewe, kutoka mshahara wake, kulinda mali isiyo yake. Ukimwajiri mtu akulindie nyumba ya mamilioni, mnunulie tochi. Mnunulie mbili. Mnunulie na betri. Mawe yenyewe hayatengenezwi tena karibu. Kile kiwanda cha Eveready pale Nakuru, kilichoanza mwaka 1967, kilifungwa mwaka 2014, na tangu hapo tunategemea yanayoletwa na meli, mazuri kwa mabaya.

La mwisho ni ile betri ya risasi uliyoitoa. Naziona zimetupwa kwenye mitaro, kwenye shimo la takataka, hata pembeni ya kisima. Pale Owino Uhuru, Mombasa, madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu yaliingia kwenye udongo na kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe aliathirika, alipigania haki ya kijiji hicho hadi akapewa tuzo ya Goldman mwaka 2015. Betri ya tochi ni ndogo, lakini sumu ni ile ile. Usiipasue, usiwape watoto waichezee. Funga ncha zake kwa utepe, iweke kwenye kopo lenye kifuniko, na zikiwa kadhaa zipelekwe Nairobi kwenye kituo cha WEEE kinachopokea taka za kielektroniki. Mafundi wa Juja, kama mmoja wenu yuko tayari kuweka kopo hilo mlangoni pake na kuzipeleka kwa niaba ya wengine, atupigie hapa studioni, nasi tutawatangazia wasikilizaji mahali alipo.